Vipande ishirini vya mkoba mmoja

Nilikaa chini juu ya mkeka, mkoba mapajani na wembe mkononi, nikaanza kuufumua. Ulikuwa mkoba mpya kabisa, tumeushona wenyewe wiki ile ile. Shangazi yangu, ambaye ndiye fundi mkubwa wa chumba chetu, aliinua uso kwenye cherehani akanitazama kama mtu anavyomtazama aliyepandwa na kitu.

"Mwanangu, mkoba umekukosea nini?"

Nikamwambia haujanikosea, nataka kuuhesabu tu. Akaguna, akarudi kwenye mshono wake.

Ilinichukua karibu saa nzima kukata uzi. Nilipomaliza nilivipanga vipande juu ya mkeka, kimoja kimoja, kama anayeanika dagaa. Mbele na nyuma. Mbavu mbili. Kitako. Hivyo vitano vya khanga vina wenzao vitano vya bitana kwa ndani. Kadibodi ya kukaza kitako. Mfuko wa nje na mfuko wa ndani. Mikanda miwili. Zipu, na vijipande viwili vya kuzibia ncha zake. Kifungo cha sumaku. Lebo. Jumla ishirini. Nikahesabu tena, nikidhani nimekosea. Ishirini.

Tunashona mikoba ya khanga. Chumba chetu kipo Michenzani, hapa Unguja, kwenye yale maghorofa marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa michoro ya Wajerumani Mashariki, na wateja wetu ni maduka ya Mji Mkongwe yanayouzia wageni. Tulikuwa wanne: mimi, Shangazi, jirani yetu mmoja na binti yake aliyemaliza skuli. Kwa miaka kadhaa kazi ilikwenda vizuri, mpaka siku moja mwenye duka mmoja akaniwekea mezani mkoba ulioshonwa nchi za nje, unaofanana na wetu kwa mbali, akaniambia bei aliyoupatia. Sikuamini. Bei ile mimi hainitoshi hata kununua vifaa.

"Dada, mie nakupenda," akasema, "lakini duka halinipendi mie."

Nikarudi nyumbani nikafanya yale ambayo nadhani kila mtu angeyafanya. Kwanza nikanunua uzi wa bei rahisi. Mkanda wa mkoba ukamkatikia mgeni bandarini, akiwa kwenye foleni ya boti ya kwenda Dar es Salaam, vitu vikamwagika, na duka likanirudishia mikoba yote ya fungu lile. Halafu, na hili naliandika kwa aibu, nikawaomba wenzangu wapunguze ujira. Jirani yetu hakusema neno. Aliinamisha kichwa akaendelea kushona, na kimya kile kilinikaa moyoni siku kadhaa. Alikuwa anashona mikoba minne kwa siku, mgongo ukimuuma, nami namwambia mikono yake ni ghali.

Ndipo nikachukua wembe.

Ukitazama vipande ishirini vimelala mbele yako, unaona jambo ambalo mkoba ukishashonwa unalificha. Kila kipande kilipimwa, kikachorwa chaki, kikakatwa, kikapigwa pasi, kikabanwa pini, kikapelekwa kwenye cherehani. Na kipande hakishonwi peke yake, kinashonwa na mwenzake, kwa hiyo kila ukiongeza kimoja unaongeza mshono mmoja au miwili, na kila mshono ni mahali pa kukosea. Nilikuwa nahangaika na bei ya uzi, kumbe kinachokula uzi ni idadi ya mishono. Nilikuwa nahangaika na ujira wa saa, kumbe saa zenyewe nilizitengeneza mimi mwenyewe miaka mitano nyuma, siku nilipochora mkoba huu kwenye daftari kwa kuiga mkoba wa ngozi nilioupenda dirishani.

Mkoba wa ngozi una mbavu na kitako mbali kwa sababu ngozi ni nene, haikunjiki vizuri, na ngozi ya mnyama mmoja haitoi kirahisi kipande kirefu kisicho na kovu. Khanga haina shida hizo. Niliiga majawabu ya matatizo ambayo mimi sina.

Usiku ule nilimkumbuka bibi yangu wa Makunduchi. Bibi alikuwa msusi wa ukili, ule utepe wa majani ya mnazi mwitu, yaani miyaa. Kutwa nzima yupo barazani, miguu ameinyoosha, miyaa iliyochanwa ipo pembeni, vidole vinakwenda vyenyewe huku mdomo ukisengenya. Ukili ukitoka unazungushwa kama mpira wa maji, unapimwa kwa pima. Jambo ambalo sikuliwaza nilipokuwa mtoto ni hili: alipokuwa akisuka, mara nyingi hakuwa ameamua anasuka nini. Ukili ule ule ukiushona ubavu kwa ubavu ukanyooka, unapata mkeka au msala. Ukiuzungusha kuanzia kitovu na kupanda, unapata kikapu, kitako na mbavu ni utepe mmoja usiokatwa. Bibi alikuwa na kipande cha aina moja tu duniani, na kutokana na hicho alipata bidhaa nne tano, kwa mtu yeyote atakayegonga hodi. Akiagizwa kikapu leo, ukili upo tayari ukutani.

Na pakacha je? Kuti moja la mnazi, linasukwa kwa majani yake yenyewe, linafungwa kwa majani yake yenyewe. Halina uzi wala msumari. Mtu anakusukia chini ya mnazi wakati unasubiri nazi zako. Sisemi tuuze mapakacha, nasema tu kwamba tumezaliwa katikati ya vitu vilivyobuniwa kwa akili kubwa, halafu tunakwenda kuiga dirishani.

Hata khanga yenyewe ina kisa hicho. Inasimuliwa kwamba zamani, katika karne ya 19, wanawake wa mwambao wetu walinunua leso zilizoletwa na Wareno, zile za mraba ambazo dukani zilikatwa moja moja kutoka kwenye jora. Wakataka zisikatwe. Walichukua sita, wakazigawa tatu tatu, wakazishona ubavu kwa ubavu wakapata nguo moja pana. Ikapendwa. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo yenye ukubwa ule ule ichapwe nzima, bila mshono. Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Kazi ya mshono ikahamia kwenye uchapaji, ambako mstari wa ziada hauongezi kazi ya mkono wa mtu. Nimeivaa khanga tangu nazaliwa na sikuwahi kuiona kama somo la kupunguza gharama.

Kutafuta zaidi kwenye simu kukanifikisha kwa mhandisi mmoja Mwingereza, Geoffrey Boothroyd, aliyefanya kazi kwenye chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani, miaka ya 1970. Yeye na mwenzake Peter Dewhurst walitengeneza njia ya kuhakiki kila kipande cha mashine kwa maswali matatu. Kipande hiki kinacheza, kinasogea mbali na wenzake, bidhaa inapofanya kazi? Ni lazima kiwe cha kitu tofauti na wenzake? Ni lazima kiwe peke yake, ama sivyo vingine havitaingia au havitatoka? Ukijibu hapana mara tatu, kipande hicho hakina haki ya kuwa peke yake. Kiunganishe na jirani yake. Nilicheka, kwa sababu bitana yetu ni ya marekani, ile nguo nyeupe isiyopaushwa iliyopata jina lake kwa wafanyabiashara wa Salem walioileta Unguja enzi za Sayyid Said, na Salem iko Massachusetts. Jimbo lile lile limenipa kitambaa na maswali.

Asubuhi nikawasomesha wenzangu maswali yale kama hakimu. Kitako, simama. Unacheza unapobebwa? Hapana. Lazima uwe wa kitambaa tofauti na mbele na nyuma? Hapana. Lazima uwe peke yako? Hapana. Basi mbele, kitako na nyuma vikawa kipande kimoja kirefu, kinachoshuka mbele, kinapita chini, kinapanda nyuma. Mbavu zikawa na utetezi: bila mbavu mkoba ni bahasha, hautii kitu. Shangazi akalimaliza hilo bila maneno. Alichukua bahasha ile iliyoshonwa pande mbili, akaikunja pembe ya chini ikawa ncha, akapiga mshono kukatiza ncha, akafanya vivyo upande wa pili, akaigeuza. Kitako kikatokea, kipana kama kiganja. Alifundishwa hivyo na mama yake kwa mifuko ya mchele. Miaka mitano tumekaa chumba kimoja, sikuwahi kumuuliza.

Kadibodi haikuhitaji kesi. Wakati wa masika mikoba ilikuwa inarudi imevimba kitako, na mteja akiifua, kadibodi inakuwa uji. Tukaitoa, tukaona mkoba umeanza kukunjika. Hilo lina faida yake nitakayoifikia.

Zipu ndiyo iliyotutatiza. Kwa maswali ya Boothroyd zipu inashinda: inacheza, na si ya kitambaa. Lakini kuna mhandisi mwingine, Lawrence Miles wa kampuni ya General Electric, aliyeanza mwaka 1947 kuuliza swali la namna nyingine kabisa: kitu hiki kinafanya kazi gani, na ni kitu gani kingine kinachoweza kuifanya kazi hiyo hiyo? Zipu inafunga mdomo wa mkoba. Kwenye chumba chetu zipu ilikuwa inakula dakika ishirini za fundi, inataka ule mguu mwembamba wa cherehani, na hewa ya chumvi ikiila inakwama. Kitanzi na kifungo cha kifuu cha nazi vinafunga mdomo vilevile. Kifuu kinasuguliwa na kijana mmoja wa mtaani kwetu, hakishiki kutu, na wageni wanakipenda kuliko mkoba wenyewe. Lebo tukaikunja ikawa ndiyo kitanzi. Nitakuwa mkweli: wateja wetu wa mjini, wanaopanda daladala na kupita sokoni Darajani kukiwa kumejaa, wanataka zipu, na wana haki. Tunawawekea, kwa bei yake.

Kwa hiyo mkoba mpya una khanga kipande kimoja, bitana kipande kimoja, mikanda miwili, mfuko wa ndani, kifungo na kitanzi. Saba. Sumaku ilikwenda na zipu, na mfuko wa nje tuliona kwamba hakuna mtu anayeutumia, sana sana watoto wanautilia mchanga.

Ingekuwa hadithi imeishia hapa ningekuwa tajiri. Kilichofuata ni kukata.

Khanga moja, yaani nusu ya doti, ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno, kwenye kisanduku chake chini ya mji. Zamani nilikuwa natupa vigezo vyangu juu yake popote panapopendeza, nikapata mikoba mitatu kwa doti nzima, kwa kubahatisha, na gunia la mabaki. Sasa nikaanza upande wa pili: badala ya kuchora mkoba halafu kuutafutia nafasi kwenye khanga, nikaitandika khanga nikauliza inataka kuwa mkoba wa ukubwa gani. Pindo likikatwa kwa upana wa sentimita 10 kila upande, linabaki eneo la 130 kwa 90. Mkoba ukiwa na upana wa 42, unapata mitatu sawasawa. Pindo refu la juu linatoa mikanda miwili ya sentimita 70, la chini miwili, na mapindo mafupi mkanda mmoja mmoja. Mikanda sita kwa mikoba mitatu. Pindo likikunjwa mara nne linakuwa mkanda mgumu, na urembo wake umeshachapwa. Mkoba wetu wa zamani ulikuwa na upana wa 44. Sentimita mbili tu, ambazo hakuna mteja aliyewahi kuziomba, ndizo zilizokuwa zinanila mkoba mzima katika kila khanga.

Nilijiona bingwa. Tukakata khanga kumi kwa mpigo. Binti wa jirani akawa wa kwanza kushona, akaunyanyua mkoba wake hewani, akauliza: "Da'mkubwa, huu umeandikwaje?"

Khanga ile ilikuwa na jina la MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nililichagua makusudi kwa ajili ya watalii. Mkasi wangu ulikuwa umelipitia. Mkoba mmoja uliandikwa MGE. Wa pili NI NJOO MWENYEJI. Wa tatu, ule aliokuwa ameunyanyua, uliandikwa APONE, kama mfuko wa kupelekea dawa hospitali. Na kama hiyo haitoshi, kwa kuwa kipande ni kimoja kinachopita chini na kupanda upande wa pili, kila kilichosimama wima mbele kilikuwa kimepinduka nyuma. Zile korosho za khanga, zile alama zinazofanana na korosho, mbele zilikaa vizuri na nyuma zilisimama kichwa chini. Shangazi alicheka mpaka akavua miwani.

Jina tuliliondoa kwa kulikata kwanza, ukanda mzima wa sentimita 10, kabla mkasi haujagusa mji. Urefu uliobaki wa 80 ulitosha. La kupinduka halina dawa kwenye kukata. Dawa yake ni kuchagua khanga isiyo na juu wala chini. Kisutu kinafaa, khanga za madoa zinafaa, na nyingi ambazo mji wake umechorwa ukaangaliana pande zote mbili. Siku hizi nikienda Darajani naikunjua khanga kaunta, naitazama, naigeuza, naitazama tena. Muuzaji mmoja mzee alinivumilia mara tatu, ya nne akashindwa.

"Bibi wee, khanga watu wananunua kwa jina. Wewe unanunua kwa kuipindua?"

Nikamwambia mie jina silitumii. Alinitazama kwa huruma ya kweli.

Mengine nayataja haraka. Khanga hazilingani: moja ina 150, nyingine ya duka lile lile ina 147, pindo la nyingine limekwenda mshazari. Ubunifu unaohitaji kila khanga iwe sawasawa utakuvunja moyo, kwa hiyo tukapunguza upana mpaka 41, tukapata sentimita saba za kuchezea. Marekani nayo hurudi sana ikifuliwa kuliko khanga, mkoba ukikauka bitana inavuta, nje kunakunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Sasa tunaloweka vyote usiku kucha kabla ya kukata, dondo, ule wanga wa kukazia nguo, litoke na kitambaa kirudi mapema. Hiyo ni kazi tuliyoiongeza, na maji ya juu ghorofani si ya bure. Nikipigia hesabu ya mikoba iliyokuwa ikirudishwa, naona bado imelipa.

Ule mkunjo nilioahidi kuufikia: mkoba wa zamani ulisafirishwa umesimama, umejaa hewa. Wa sasa unalala bapa. Kuna kiti kimoja maarufu sana cha Ulaya, cha mbao iliyopindwa, ambacho Michael Thonet alikitoa mwaka 1859. Kina vipande sita vya mbao, skrubu kumi na nati mbili, na viti 36 vilivyofunguliwa viliingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Mimi sina sanduku la mita moja, nina katoni la maziwa ya unga. Mikoba minane ya zamani ililijaza. Ya sasa inaingia hamsini na kidogo, na kijana wa bodaboda anakwenda safari moja.

Dakika nazo zilianguka. Mkoba uliokuwa unamchukua jirani yetu karibu saa mbili sasa unamchukua chini ya dakika arobaini, na siku isiyo na umeme wa kukatikakatika anafika tisa. Hapo nikarudi kwenye lile nililoliharibu mwanzo. Nikapiga hesabu zangu, nikaja na pendekezo kwamba, kwa kuwa mkoba sasa ni rahisi kushona, ujira wa mkoba mmoja ushuke kwa nusu. Shangazi akaweka mkasi chini.

"Nani aliyekunja pembe?"

Nikasema ni wewe, Shangazi.

"Basi nusu yako imo humo na nusu yangu imo humo."

Tukakubaliana ushuke kwa theluthi moja. Anayeshona tisa kwa ujira huo anaondoka na pesa za mikoba sita ya zamani, na alikuwa akishona minne. Duka linapata bei ambayo inaweza kukaa karibu na ule mkoba wa nje, ingawa haijaufikia na sidhani kama itaufikia. Mimi nimebaki na faida ndogo kuliko niliyoipanga kwenye daftari. Lakini hakuna aliyeinamisha kichwa, na mimi nalala.

Halafu yakaja malalamiko ambayo sikuyatarajia, na hayakutoka kwa wageni. Mwanamke mmoja wa hapa hapa, aliyenunua mikoba mitano ya kuwapelekea jamaa zake Oman, alirudi dukani akauliza kwa nini khanga zetu ni bubu. Khanga bila jina, alisema, ni kitambaa cha pazia. Mwenye duka akanipigia simu akicheka, mimi sikucheka, kwa sababu nilijua ana haki. Jina halifungi mkoba, halibebi nyanya, kwa maswali yote ya wahandisi ni mapambo. Lakini ndilo linalomfanya mtu asimame dukani akasoma, akatabasamu, akamfikiria fulani. Nilikuwa nimepunguza gharama mpaka nimepunguza na sababu ya kununua. Na wakati wote huo majina yenyewe yalikuwa yamekaa kwenye kapu mlangoni, kanda mia na zaidi, hatuna pa kuyapeleka. Asubuhi jirani yetu huchomoa moja bila kutazama, akalisoma kwa sauti kama ramli ya siku.

Yalikuwa marefu mno kwa upana wa mkoba. Jina lina kama sentimita 60, mkoba una 40. Tulijaribu kulizungusha, mtu akawa lazima amzunguke mwenye mkoba ndipo amalize kusoma. Binti wa jirani ndiye aliyelitatua, akiwa hata hafikirii mikoba. Alikuwa amejifunga ukanda mmoja begani, anacheza mbele ya kioo, nao ukalala pale kutoka kifuani kupita bega mpaka mgongoni, maneno yote yanasomeka. Sote watatu tukanyamaza kwa pamoja.

Mkanda una sentimita 70. Jina lina 60. Ukikunja ukanda wa jina nusu, na marekani kwa ndani kuupa nguvu, herufi zinakaa juu zote. Mkoba mmoja katika kila mitatu sasa una mkanda unaosema, na maduka yanaulizia huo kabla ya mingine. Tunauuza ghali kidogo.

Ila sasa kila khanga inatoa mikanda saba, nayo mikoba ni mitatu. Mkanda mmoja wa pindo unabaki kila mara, na kapu la mlangoni lililokuwa na majina limejaa mapindo. Ni mazuri, yana rangi zote, yana sentimita 70 na hayana kazi. Nimeshafikiria mishipi, vishikizo vya pazia, kamba za funguo. Shangazi anasema tuyafungie mbuzi. Mwenye wazo anipitie Michenzani, ghorofa ya pili; akipanda ngazi afuate sauti ya cherehani.